Paneli Zinazolala Mchana

Redio ya asubuhi ilisema kwamba kuanzia leo, kila mama anayekwenda kuzaa kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu aje na toshi yake na betri mpya. Paneli za jua zimepungua nguvu, ilisema, na taa za chumba cha uzazi zinazimika mapema. Mtangazaji alisoma habari hiyo kwa sauti ileile anayosomea bei ya maharage, halafu akaweka muziki.

Mimi nilikuwa napuliza makaa. Ninauza kahawa hapa Lumumba, mjini Bunia, kando ya uzio wa kituo hicho, na nina mabenchi mawili ambayo hayakauki watu. Tangu vita ifunge barabara, wateja wangu hawana pa kwenda. Wanakuja asubuhi, wananunua kikombe kimoja, wanakinywa mpaka mchana. Siwafukuzi. Mtu aliyefungiwa barabara anahitaji mahali pa kukalia.

Aliyeanza ni Assani, tunayemwita Filoni. Ni mchimba dhahabu, anangoja njia ya Mongbwalu ifunguke arudi shimoni kwake.

“Wallahi, hii inchi! Batu walituletea jua mpaka mu nyumba, sasa banatuambia mama aje na toshi. Kesho watasema aje na mukunga wake.”

“Na kitanda,” akasema Kavira. Yeye ni Mama Kasenyi, kwa sababu samaki wake wanapanda kutoka bandari ya Kasenyi, siku ambazo gari linathubutu.

“Na mutoto?” akauliza Filoni.

“Mutoto alikuwa anakuja naye tangu zamani. Hapo hawajabadilisha kitu.”

Tulicheka. Mmoja tu hakucheka, Muzee Floribert. Jina lake la benchi ni Papa Komite, maana ni mwenyekiti wa komite ya usalama, ya chemchemi, ya matanga, na ya wazazi wa shule ambayo haisomeshi tena kwa kuwa wakimbizi wanalala ndani yake. Anavaa koti hata jua likiwaka, na kalamu tatu mfukoni.

“Redio inatuchafulia jina,” akasema. “Mujukuu wangu iko chini ya ile taa. Kama taa ingekuwa mubaya, si ningejua?”

Hapo watu wakashusha vikombe kwa heshima. Juma lile binti yake wa mwisho, Clémence, alikuwa amejifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo sana, anaenea kwenye viganja viwili, na hawezi kujipatia joto mwenyewe. Mkunga alimlaza chini ya taa ya joto, taa inayokula umeme kuliko zote, na umeme wote wa kituo unatoka kwenye paneli.

“Ulimuona leo?” nikamuuliza.

“Nilimuona jana, Koko. Taa ilikuwa nyekundu kidogo, kama jicho ya mulevi. Lakini ilikuwa.”

Sote tukageuka kutazama ng'ambo ya uzio. Paneli zilisimama kwenye miguu yao ya chuma, safu nyuma ya safu, na kila safu ilikuwa imefunikwa turubai la buluu na kufungwa kamba vizuri, kama wagonjwa wenye baridi.

Niseme sababu. Zahanati moja upande wa Marabo iliporwa paneli zake zote. Komite ya usalama ikakutana, Papa Komite akaeleza kwamba za kwetu zinang'aa mno, kwamba mtu mwenye moyo mbaya akisimama mlimani anaziona kama kioo kinachomwita. Basi ikaamuliwa: asubuhi zifunikwe zisionekane, jioni gizani zifunuliwe. Mtaa mzima uliinua mikono na kupiga makofi. Mkunga wetu, Geneviève, aliinua mkono pia, akasema ana swali. Akajibiwa kwamba maswali iko mu “divers”, yaani mengineyo, mwisho wa mukutano. Mwisho wa mukutano mvua ikanyesha.

“Mi nasema ni mali ya kopi,” Filoni akaendelea. “Hizi panneaux si za kweli. Kule kwetu tulinunua mashine ya kuvuta maji, ilivuta siku moja, kisha ikaanza kuvuta moshi.”

“Weye unajua nini ya courant, ya umeme?” Huyo alikuwa Mbuyi, fundi wa simu, anayejiita Volti. Meza yake iko ng'ambo ya barabara lakini yeye mwenyewe yuko kwangu. “Panneau ni kama mutu. Ukimupiga jua ya saa sita kila siku, anachoka. Siye tumemupumuzisha.”

“Kama amepumuzika, juu ya nini hatumike kazi?”

“Amezoea kupumuzika. Ni kama mufanyakazi wa serikali.”

“Na usiku, wakati tunamufunua, anafanya nini?”

“Anakunywa mwezi,” Volti akasema bila haya. “Mwezi nayo inatoa courant, ya baridi. Jua ni ya taa, mwezi ni ya frigo.”

“Frigo ya chanjo inafanya?”

“Apana.”

“Sasa?”

“Juma hii mwezi ilikuwa mudogo.”

Mama Kasenyi alipiga mapaja yake kwa kicheko. Volti akaona afadhali amgeukie yeye.

“Unacheka, na weye njo uliharibu, weye mwenyewe! Nani alikuwa anaanika samaki juu ya panneau? Mafuta ya samaki imefunga macho yake.”

“Nilianika, ndiyo. Mbele ya bâche kufika, hii turubai yenu. Panneau ilikuwa na joto, imeinama vizuri, kuku haiwezi kupanda. Na taa ilikuwa inawaka! Samaki inakauka, taa inawaka, kila mutu anafanya kazi yake. Ile siku mulinifukuza na samaki yangu, na taa nayo ikakasirika.”

“Ni majani,” Filoni akasema. “Angalieni safu ya chini. Majani imefika ku magoti ya panneau.”

“Basi ikatwe.”

“Nani atakata?”

“Mutu na upanga.”

Nani atatembea na upanga Bunia siku hizi? Kuna kizuizi cha askari njia panda. Mwezi uliopita mtu mmoja alikamatwa na upanga wa kukatia ndizi, akalala ndani, na ndizi zake zikalala nje. Tangu siku ile majani ya mtaa mzima yanaota kama yamepewa ruhusa.

“Tutie mbuzi,” Volti akashauri.

“Mbuzi itapanda juu ya panneau ione Uganda.”

Papa Komite aligonga kikombe chake kwenye benchi. Akifanya hivyo tunajua kikao kimefunguliwa.

“Mimi mi nasema kuna mukono. Mutu anatuharibia courant kwa kusudi.”

“Mukono ya nani?”

“Tunatafuta. Komite ya usalama imeweka komite ndogo.”

“Nani iko mu komite ndogo?”

“Mimi.”

Nilimjazia kahawa. Usiku wa kuamkia siku ile hakulala, macho yake yalionyesha. Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameshaacha mlangoni pa wodi uji wa Clémence, na sahani nyingine kwa mama wa kitanda cha pili asiye na ndugu mjini. Hilo hakulitangaza. Nililijua kwa sababu sahani ile ilikuwa yangu, aliiazima.

Mama Kasenyi alikunja uso kama mtu anayekumbuka njia.

“Lakini mama Geneviève aliniambia kitu. Anasema kila juma kuna usiku moja taa inawaka mpaka asubuhi, na frigo inanguruma kama gari. Usiku ya Jumapili.”

“Maombi!” Papa Komite akasema papo hapo. “Jumapili quartier yote, mutaa muzima, iko mu kanisa, tangu asubuhi mpaka saa kumi. Munashangaa nini?”

“Na siye?” Filoni akauliza. “Ijumaa musikiti inajaa, batu wanaomba mpaka inje ku barabara. Tunaombea na hii kituo. Juu ya nini Ijumaa taa haiwake?”

Papa Komite alifikiri kabla ya kujibu, maana ni mtu wa adabu, na vita imetufundisha kupima maneno ya namna hiyo.

“Sijasema maombi yenu ni mubaya, Assani. Pengine inachukua njia ndefu.”

“Sawa. Niambie kitu moja tu, muzee. Jumapili asubuhi, nani anafunika panneaux?”

“Hakuna mutu. Nimeshasema, komite yote iko mu kanisa.”

“Na Ijumaa?”

“Ijumaa tunafunika. Vizuri kabisa.”

Filoni aliweka kikombe chini polepole.

“Basi Mungu ya Jumapili na Mungu ya Ijumaa ni mumoja. Tofauti ni bâche.”

Volti alianza kutazama viatu vyake. Mama Kasenyi alitazama makaa yangu. Neno hilo lilikuwa limekaa ng'ambo ya uzio siku zote, la buluu, limefungwa kamba, na kila mmoja wetu alikuwa anapita pembeni yake.

“Unataka kusema komite njo ilizima taa?” Papa Komite aliinuka.

“Mi sijasema komite. Mi nimesema bâche.”

“Bâche ni ya komite!”

“Weye njo umesema.”

“Na wenye bunduki wakija?” Sauti yake ilipanda mpaka mlinzi wa kituo akachungulia. “Wakiona ile kung'aa, wakishuka, wakibeba vyote na kuchoma nyumba? Nani ataulizwa? Mutasema, Floribert, ulikuwa wapi? Mimi nimeshaulizwa hivyo. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa na mabati mapya. Ilikuwa inang'aa. Batu wote walikuwa wanasema, Floribert, nyumba yako inaonekana mpaka mbali!”

Akakaa. Hatukujua habari ya mabati. Filoni alisogea kumpa nafasi zaidi kwenye benchi, ingawa nafasi ilikuwepo.

Ndipo lango la kituo likafunguka na Geneviève akatoka haraka. Alikuwa amekumbatia kitu kidogo ndani ya blauzi yake, amekifunika kikwembe.

“Taa imekufa,” akasema. “Kabisa. Na Clémence iko na homa, anatetemeka, siwezi kumupa mutoto sasa. Nimemuweka ku kifua yangu lakini niko na mama wawili ku uchungu. Natafuta kifua ya mutu, yenye joto, isiyo na ugonjwa.”

Volti alikohoa mara hiyohiyo, kikohozi ambacho asubuhi yote hakikuwepo.

“Yangu imejaa vumbi ya shimo,” akasema Filoni, naye hakudanganya.

Mama Kasenyi alianza kufungua kitenge chake, lakini Geneviève alikuwa anamtazama mtu mmoja tu.

“Papa Floribert. Huyu mutoto ni nani yako?”

“Mujukuu wangu.”

“Basi fungua vifungo.”

“Mimi? Mama Geneviève, mimi ni mwanaume.”

“Hatutafuti maziwa, papa. Tunatafuta joto. Ngozi ku ngozi.”

Sijaona mtu akivuliwa uenyekiti kwa haraka vile. Koti lilitoka, kisha sweta, kisha shati, kisha singlendi yenye tundu. Kalamu tatu nilizishika mimi. Nilimpa maji ya vuguvugu na sabuni, akajisafisha kifua na mikono mpaka kwenye viwiko, akijisugua kama anataka kuondoa miaka. Geneviève akamlaza mtoto juu ya kifua kile chenye mvi, kichwa pembeni, kofia ya sufu kichwani, nami nikawafunga wote wawili na kikwembe changu kizuri, kile cha kanisani. Tukamrudishia koti mabegani.

“Usiinuke,” Geneviève akamwambia. “Usipige kelele. Usimuache apate upepo.”

“Mpaka wakati gani?”

“Mpaka taa iwake.”

Akarudi ndani mbio kwa wale mama wawili.

Papa Komite alikaa wima kama mtu anayepigwa picha. Hakuthubutu kupumua. Kisha nikaona uso wake unabadilika, maana mtoto alikuwa amesogeza mkono, na nadhani mkono ule ulikuwa baridi. Aliinamisha kichwa akatazama ndani ya kikwembe. Alipokiinua alitazama moja kwa moja kwenye uzio.

“Filoni,” akanong'ona.

“Muzee.”

“Funua.”

“Sisikie.”

“Funua panneaux.”

“Sema kwa nguvu, muzee, komite yote isikie!”

“Mutoto analala, mujinga weye,” akanong'ona, na nusu ya matusi hayo ilikuwa upendo. “Funua zote. Na zing'ae. Zikionekana, zionekane.”

Mlinzi aliwafungulia lango Filoni na Volti. Hawakungoja kamba zifunguliwe vizuri, walizivuta. Chini ya turubai kulikuwa na tope jekundu, maji yaliyooza, majani ya mparachichi, na mijusi waliotoka wakilalamika kama wapangaji waliofukuzwa. Kioo kilichungulia vipande vipande, maana anayefunua gizani haoni uchafu.

“Lete burashi ya chuma!” Volti akapaza sauti.

“Chuma apana!” Geneviève akajibu kutoka dirishani, mikono yake ikiwa kwenye kazi nyingine. “Itachubua kioo! Kitambaa laini na maji safi, bila sabuni ya unga!”

Maji safi hayakuwepo karibu, bomba lilikuwa kavu. Mama Kasenyi alitazama beseni lake. Alikuwa amenunua maji yale alfajiri ya kuoshea samaki, kama gari lingefika. Alilibeba beseni kichwani, akaingia nalo, akachovya kitambaa cha kichwa chake mwenyewe na kuanza safu ya kwanza. Aliosha zile paneli kama anavyoosha watoto, nyuma ya masikio pia.

Volti alitaka kutoa mashauri.

“Mutu asimwage maji baridi ku kioo yenye joto, inaweza kupasuka. Lakini hizi hazina joto, zilikuwa kivulini.” Akafikiri. “Kumbe bâche ilisaidia kitu.”

“Shika kitambaa,” Mama Kasenyi akamwambia.

Filoni alichuchumaa kwenye safu ya chini, akaanza kung'oa majani kwa mikono. Wachimbaji wana mikono inayojua ardhi. Askari mmoja wa kizuizini alikuja kuuliza ni fujo gani. Filoni akainua viganja vyote viwili juu kumwonyesha kwamba hana upanga, ana majani tu. Askari akatazama, akatazama tena, akaegemeza bunduki yake ukutani mahali anapoweza kuiona, akachuchumaa pembeni yake.

“Yatoeni na ya pembeni,” Volti aliwaelekeza. “Kivuli ya pembe moja inazuia safu nzima. Ni kama ku barrière ya askari: mutu mumoja anatafuta kitambulisho mu mufuko, musululu wote unasimama.”

“Ile ni kazi yetu unasema,” askari akamwambia.

“Nasema majani, chef. Majani tu.”

Kutoka kwenye benchi, Papa Komite aliendesha shughuli yote kwa kunong'ona. Mimi nilikuwa sauti yake. Yeye ananong'ona, “Koko, mwambie Volti ameacha pembe,” nami napaza, “Volti, umeacha pembe!” Ananong'ona, “Mwambie Mama Kasenyi aksanti,” nami napaza hivyo, na Mama Kasenyi akageuka kutazama nani amesema, kwa kuwa katika miaka yote ya komite neno hilo halikuwahi kuwa kwenye ajenda.

Kahawa yake ilikuwa inapoa. Hakuweza kunywa, akiogopa tone limwangukie mtoto. Nilimnywesha kwa kijiko, nikiweka kiganja changu chini ya kidevu chake.

“Anapata joto,” akaniambia. “Koko, miguu yake inapata joto. Ananipiga teke.”

“Vizuri.”

“Ana nguvu huyu. Huyu ni mutu wa komite.”

Jua la mchana lilikuwa juu kabisa waosha paneli walipomaliza. Zilisimama wazi zote, safi, nyeusi zenye buluu ndani, na ziling'aa kweli, sitasema uongo. Tulitazama milima. Milima ilikaa mahali pake. Watu walirudi kwenye benchi wakiwa na tope mpaka magotini, nikawapa kahawa, na askari pia nikampa. Tukangoja huku tukijifanya tunazungumza mambo mengine.

Kwanza tulisikia friji. Ilikohoa, ikanyamaza, ikaanza kunguruma. Mama Kasenyi alifanya ishara ya msalaba, Filoni akafuta uso kwa viganja. Volti akasema alijua tangu asubuhi.

Baadaye Geneviève alitoka. Uso wake ulikuwa umechoka lakini alikuwa anacheka, maana mmoja wa wale mama wawili alikuwa amekwisha kuzaa, bila toshi.

“Papa, taa imewaka. Nyeupe kabisa, joto yake iko sawa, nimepima. Lete mutoto.”

Papa Komite hakusogea. Alivuta koti mbele, upande huu na upande ule.

“Nyeupe kabisa?” akanong'ona.

“Kabisa.”

“Umepima na nini?”

“Na kipimajoto, papa.”

“Kipimajoto ni kitu bila damu.” Aliweka kiganja chake kizima juu ya mgongo wa mjukuu, na kiganja kikamfunika wote. “Mama Geneviève, sikia. Weka kwanza mayai ya kuku chini ya hiyo taa. Ikitoa vifaranga, njo tutazungumuza.”

“Mayai inachukua majuma tatu!” akasema Mama Kasenyi.

“Muongee polepole,” akanong'ona Papa Komite. “Barabara zote zimefungwa. Mimi sina safari.”